Jina Ni Moja, Ukoo Je?

Siku utakayoongezwa kwenye grupu la WhatsApp linaloitwa "Ukoo wa Mabula", usikimbilie kuandika kwamba umefurahi kuwapata ndugu zako. Andika kwanza kijiji. Andika babu yako amezikwa wapi, bibi yako alitoka kwa nani, na jina hilo la Mabula liliingiaje kwenye vyeti vyako. Furaha itasubiri.

Magrupu ya namna hii yamejaa Mwanza, na hapa Buzuruga unaweza kuona yanavyoanza. Mtu ana duka kando ya barabara ya Musoma, jina lake limeandikwa juu ya mlango. Abiria aliyeshuka stendi anasimama: "Kaka, na mimi naitwa hivyo hivyo. Kwenu wapi?" Mwenye duka ni wa Misungwi, mgeni ni wa Maswa. Wanapeana namba, jioni grupu limefunguliwa, na kabla ya mwezi kuisha wameshaingia watu wa Geita, Kahama, Mpanda, Dar es Salaam, hadi mmoja aliyeko Muscat. Wanaitana shangazi na baba mdogo. Wameshachangia msiba mmoja. Ila hakuna aliyeuliza kama kweli ni ukoo mmoja, kwa sababu kuuliza hivyo kunaonekana ni kukosa adabu.

Ulizeni mapema, kabla heshima haijawafunga midomo.

Waingereza wana chama, Guild of One-Name Studies, kilichoanzishwa mwaka 1979, ambacho wanachama wake hukusanya habari za kila mtu aliyewahi kubeba jina fulani la ukoo. Kwao kazi hiyo ina mantiki, kwa kuwa jina la mwisho limeshuka kutoka kwa baba hadi mtoto kwa karne nyingi, na makanisa yao yamekuwa yakiliandika muda wote huo. Anayeileta njia hiyo Usukumani kama ilivyo atajikuta ameorodhesha nusu ya mkoa.

Tazama majina yenyewe. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha, na Kabula ni msichana wa mvua hiyo hiyo. Mayala alikuja wakati wa njaa, Maige wakati wa nzige. Kulwa na Doto ni pacha, anayezaliwa baada yao ni Shija, na Kashinje ni yule aliyetanguliza miguu. Mvua hunyesha Magu na Kwimba siku moja, na pacha huzaliwa nyumba yoyote. Majirani zetu Wajaluo ni vivyo hivyo: Otieno wa Rorya na Otieno wa Kirumba wanachoshirikiana kwa hakika ni kuzaliwa usiku. Jina la aina hii ni habari nzuri sana kuhusu siku ya kuzaliwa kwa mtu mmoja. Kuhusu ukoo wake halisemi kitu.

Halafu kuna utaratibu wetu wa majina matatu, yaani lako, la baba na la babu, ambao kwa mtafiti ndio mtego mkubwa zaidi. Chukua mfano wa kubuni. Mzee Masanja alimzaa Mabula, na Mabula akabatizwa Yohana. Mtoto wake mmoja akaandikishwa shule kwa jina la Shija Mabula Masanja. Mwingine alipelekwa shule ya misheni, na karani akaandika Paulo Yohana Masanja. Shija akamzaa Kulwa, ambaye leo kwenye kitambulisho ni Kulwa Shija Mabula. Paulo akamzaa Anna, naye ni Anna Paulo Yohana. Kulwa na Anna ni watoto wa ndugu wawili, babu yao ni mmoja, lakini mmoja anatafuta "ukoo wa Mabula" na mwingine hata hajui kama jina hilo linamhusu. Grupu litawakusanya akina Mabula mia mbili wasio ndugu wa Kulwa, na litamwacha nje binamu yake wa damu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kubadili jina la grupu lenyewe. Badala ya "Ukoo wa Mabula", liite kwa babu wa mbali zaidi mnayemfahamu pamoja na mahali pake: "Kizazi cha Masanja wa" kijiji fulani. Jina refu linachosha macho, lakini linachuja. Mtu wa Maswa akiona kijiji cha Misungwi atajieleza kabla ya kuingia.

Hata mtu maarufu huweza kupotea kwa jina. Kila Msukuma amewahi kusikia habari za Ng'wanamalundi, manju na mganga ambaye visa vyake bado vinasimuliwa. Jina lake lilikuwa Igulu Bugomola. Anayepekua karatasi za zamani akitafuta "Malundi" peke yake anaweza kumpita Igulu bila kumwona. Sasa fikiria babu yako, aliyekuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina la ngoma alilopewa na wenzake wa chama cha ngoma cha Bagika au Bagalu, na jina la utani la mnadani. Kwenye daftari la ukoo kila mtu apewe mistari minne au mitano ya majina, na kando ya kila jina iandikwe nani alimwita hivyo.

Tahajia nayo msiidharau. Ngassa na Ngasa, Kulwa na Kurwa, Ng'wandu na Mwandu wanaweza kuwa watoto wa nyumba moja walioandikwa na makarani wawili. Wajerumani waliandika Muansa walipotaka kusema Mwanza, basi msishangae jina la babu yenu likionekana kwa sura msiyoitambua. Lisomeni kwa sauti. Sikio hugundua kabla ya jicho.

Kama jina halitoshi, mtafute nini? Mambo matatu: mahali, mama, na mwiko. Jina liwe la nne.

Mahali maana yake ni zaidi ya wilaya. Wasukuma tumehama sana. Kutoka Kwimba na Magu watu walivuka kwenda Geita wakitafuta ardhi na malisho, wengine wakateremka na ng'ombe hadi Rukwa, Katavi, Usangu na Morogoro. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawaondoa watu kwenye miji yao na kuwapanga kwenye vijiji vipya, kwa hiyo kijiji anachokitaja baba yako kama "kwetu" huenda babu yake hakukijua kabisa. Ulizeni mahame: kabla ya Operesheni mji ulikuwa wapi? Wazee wengi bado wanaweza kuonyesha kwa kidole, maana ua wa minyaa huishi kuliko nyumba iliyozungushiwa. Kijana mwenye simu nzuri akifika hapo apige picha, ahifadhi na alama ya mahali kwenye ramani ya simu, aitume kwenye grupu. Picha moja ya namna hiyo ina thamani kuliko majibu mia ya "asante ndugu".

Mama ndiye anayesahaulika, na kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti mwingi wa koo unapoharibikia. Mnaweza kuwa na akina Masanja sita wa rika moja kwenye wilaya moja. Lakini Masanja ambaye mama yake ni Nyanzala, binti wa fulani kutoka Ukerewe, huenda ni mmoja tu. Isitoshe, kwa mila ya Kisukuma mtoto hakufuata upande wa baba bila masharti. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma cha mwaka 1953: ng'ombe wa mahari ndio waliomfanya mtoto awe wa ukoo wa baba, na wasipotolewa, mtoto alihesabiwa nyumbani kwa mama yake. Ndiyo maana wako watu wanaobeba jina la babu mzaa mama wakidhani ni la upande wa baba. Swali la ng'ombe ni zito. Lisiulizwe hadharani mbele ya wajumbe wote. Mpigie mzee, mwamkie, mpe muda, na akikataa kujibu andika tu kwamba hakupenda kusema.

Mwiko unasaidia hasa kwa jamaa zetu wa magharibi na wa visiwani. Mhaya akikutajia ukoo na muziro wake amekupa kipimo kinachovuka mipaka ya wilaya. Wahinda walitawala Karagwe, Ihangiro na Buzinza, na popote walipo wanajulikana kwa mwiko wa tumbili. Wawili wenye jina moja la mwisho lakini miiko tofauti wana jambo la kuelezana kabla ya kuitana ndugu.

Kuna kitu kimoja katika kuuliza ambacho vijana wa mjini hukikosea. Mzee akisema "baba yangu alihamia Sengerema", msiandike haraka. Kwake kaka wa baba naye ni baba, na binti wa shangazi ni dada. Ulizeni kwa upole: "Ni baba aliyekuzaa, au baba mkubwa?" Kisha ulizeni tumbo: "Alizaliwa na mama yupi?" Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na kila nyumba ina hadithi yake.

Wazee wenyewe hawamo kwenye grupu. Wana viswaswadu, au wana simu ya kupangusa ambayo mjukuu ameijaza michezo. Msiwangoje. Kila tawi liteue kijana mmoja wa kuwapigia, simu ya kawaida, spika imewashwa, simu ya pili ikirekodi, na mzee aambiwe wazi kwamba anarekodiwa na nani atasikiliza. Jioni ndiyo saa yake. Zamani shikome ilikuwa mahali pa mazungumzo ya jioni, na wazee wengi hadi leo ulimi wao hufunguka jua likishazama na ng'ombe wameingia. Mpigie saa nne asubuhi na atakwambia yuko shambani, tena atakuwa kweli yuko shambani.

Mwacheni aseme Kikwetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, ile hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Alianza na lugha ambayo mambo yenyewe yaliishi. Bibi yenu akilazimishwa Kiswahili atafupisha. Akiachiwa Kisukuma atataja hata rangi ya ng'ombe wa mahari yake. Tafsiri ifuate, na sauti ya asili ibaki.

Miaka msimuulize kwa tarakimu. Muulizeni alikuwa na ukubwa gani wakati wa Operesheni, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati wa mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, wakati MV Bukoba inazama Mei 1996. Mngoje atafute. "Nilikuwa nanyonyesha wa tatu" ni jibu bora kuliko "1962" iliyobahatishwa ili kumridhisha mjukuu. Angalieni matukio yanayojirudia, kama "maji ya ziwa yalipopanda": ziwa lilipanda sana kuanzia 1961 hadi 1964, likapanda tena 2020. Mvuvi kijana na mvuvi mzee watakuwa wanazungumzia maji tofauti.

Baada ya sauti, karatasi. Mapadre Weupe waliweka misheni yao Bukumbi mwaka 1883. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Nassa mwaka 1888, na misheni hiyo ikapokelewa na wenzao wa AIM mwaka 1909, ambako kanisa la AIC la leo lina mizizi yake. Kwenye parokia ya Kikatoliki daftari la ubatizo hutaja wazazi na msimamizi, na kando yake huandikwa pia ndoa ya mhusika, hata kama aliifunga kwingine. Majina ya zamani yanaweza kuwa kwa Kilatini: Joannes ndiye Yohana wenu. Msiende kumi ofisini kwa paroko. Aende mmoja, na barua, akitaja jina, wazazi na makisio ya miaka, na asiombe kupiga picha kurasa nzima zenye majina ya watu wengine. Waislamu watafute zaidi vyeti vya ndoa na karatasi za mirathi. Kwa vyeti vya kuzaliwa na vifo kuna RITA, lakini wazee wengi wa vijijini walizaliwa na kufa bila kusajiliwa, hivyo msipoteze mwaka mzima hapo.

Kama ukoo unagusa watemi, panda daladala ya Kisesa pale Buzuruga ufike Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa miaka ya 1950 na Padre David Clement kutoka Kanada. Na Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa wanatunza majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza, ambamo maofisa waliandika historia za maeneo na nasaba za watawala. Tahadhari: afisa aliandika alichoambiwa na waliokuwa madarakani. Nami nawaonya kwa mapenzi, kila grupu huwa lina mjumbe anayetangaza kwamba sisi ni kizazi cha mtemi. Watemi walikuwa na watoto wengi, sikatai, lakini kama kila mtu angekuwa mtoto wao, wasingepata wa kuwalimia.

Sasa grupu lenyewe. Tenganisheni mawili: moja la ukoo kwa misiba, harusi na picha za asubuhi njema, na la pili dogo la utafiti, watu wasiozidi kumi na wawili, tawi kwa tawi, wanawake wakiwemo kwa idadi inayoonekana. Swali moja kwa wiki. Majibu yanakiliwa kwenye kaunta buku na mtunza kumbukumbu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, na kwenye jedwali la mtandaoni ambalo wengi wanaweza kusoma na wachache kuandika. WhatsApp si ghala. Simu ikiibwa au ikifutwa nafasi, sauti ya bibi imekwenda, na ukirudi kuitafuta baada ya miezi unaambiwa faili halipo. Kila rekodi ipewe jina lenye msemaji, kijiji, mwezi na mwaka, ihifadhiwe sehemu tatu, moja ikiwa kwa mtu asiyeishi Mwanza. Kila habari iandikwe nani aliisema na yeye aliipata wapi. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe yote mawili. Msipige kura kuhusu nani alimzaa nani. Nimeona grupu likifanya hivyo.

Tovuti za miti ya ukoo zipo, na FamilySearch haitozi fedha. Ila kwenye mti wake wa pamoja mtu yeyote anaweza kubadilisha habari za marehemu wenu, basi nakala yenu iwe ndiyo mama.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, jamaa wa Marekani au Ulaya atawashawishi: anatema mate kwenye kichupa, anapeleka kwa kampuni, anapata orodha ya ndugu. Hapa nchini vipimo vya vinasaba vinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, ndiye mdhibiti. Kabla ya kuanza, kaeni na wazee muwaeleze kwamba kipimo hakijui kunyamaza. Kinaweza kuonyesha kwamba baba mkubwa si mtoto wa babu, na mama yake bado yu hai, amekaa kivulini anachambua mchicha. Binafsi ningesubiri.

Taarifa za walio hai ziwe na mipaka. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, na picha ya kitambulisho kwenye grupu la watu mia tatu ni zawadi kwa matapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za vinasaba kuwa nyeti. Kwa walio hai jina na tawi vinatosha. Ombi la mchango lithibitishwe kwa simu ya sauti na watu wawili, hata kama limetoka kwa namba ya shangazi, kwa sababu "hela itume kwenye namba hii" imeshajifunza kuandika kwa adabu.

Kuna jambo la shamba pia. Ukianza kuuliza mipaka ya mahame ya babu, aliyepo pale sasa atasikia kwamba wenye ardhi wamerudi. Mtangulieni kwa barua au simu kwa mwenyekiti wa kijiji, mseme mnatafuta majina na makaburi, na muwe mnasema kweli. Mwenye nia ya kudai ardhi aende kwa njia yake, asijifiche nyuma ya daftari la ukoo.

Safari ya pamoja ifanyike Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani na barabara zikipitika. Chapeni orodha kwa herufi kubwa, nafasi zikiachwa wazi kati ya majina, na mwende na mtu wa kuisoma kwa sauti, maana wazee hukosoa vizuri zaidi wanaposikia jina limewekwa mahali pasipo pake.

Na mkigundua kwamba wa Misungwi na wa Maswa hamna undugu, msifunge grupu kwa hasira wala msidaiane michango ya ule msiba. Gawaneni. Kila upande uondoke na sauti za wazee wake, upande wa pili uzifute kwenye simu zake kama wenyewe wakitaka, na jedwali likatwe mawili. Mwenye duka na yule abiria wabaki na namba zao. Wanaitwa jina moja, na barua ya mmoja ikipotelea stendi, itaishia kwa mwingine.